Nguo ya Swichi

Castory alikuwa mtu wa kufunika vitu. Redio yake ilivaa koti la ngozi, cherehani ya mkewe ilivaa shuka, na makochi ya sebuleni hayakuvuliwa nailoni za dukani hata zilipoanza kuchanika zenyewe. Wageni walikaa juu ya nailoni hizo wakitokwa jasho na hawakusema neno. Majirani wa Mafiga, pale Morogoro mjini, walimtania kwamba laiti angepata njia, angemvisha soksi hata jogoo wake. Waacheni wacheke! Castory alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha nguo kwa miaka mingi, na huko alijifunza kwamba adui wa kwanza wa mashine ni vumbi. Kisha serikali ikakiuza kiwanda, mmiliki mpya akaja na watu wake, na unga wa Castory ukamwagika pamoja na wa wenzake. Kazi ilikwisha, tabia ya kufunika ikabaki.

Mkewe, Mwalimu Eufrazia, alikuwa mwanamke wa sauti. Aliweza kuliita jina lako kutoka ng'ambo ya uwanja wa shule ukajikuta unachomekea shati kabla hujajua umekosa nini. Alistaafu salama, akapigiwa makofi, akapewa vitenge. Haukupita muda mrefu, siku moja akiwa uani anachambua mchele, kiharusi kikamwangusha. Upande wote wa kulia ukafa. Ulimi nao ukafungwa. Shingo haikumtii tena, na machozi yalimtoka yenyewe, ya furaha na ya uchungu yakiwa sawasawa, hata watu wakaacha kuyaamini. Kilichobaki hai ni mkono wa kushoto, nao si wote. Ni vidole viwili vitatu na dole gumba.

Basi mdogo wake, Bernadeta, mjane asiye na mtoto, akateremka kutoka kijijini kwao Kinole, milimani, kuja kumuuguza.

Jamani, katika shida zote za nyumba ile, iliyomuumiza Castory kuliko zote ilikuwa ya taa. Daktari alisema mwanga mkali utamtesa mgonjwa kichwa na macho, kwa hiyo Castory alifunga mapazia ya chumbani, moja kwa moja, mchana na usiku. Lakini gizani nako Eufrazia alihangaika. Kila jioni alitoa mlio mmoja mzito kutoka kooni, na mlio huo ulikuwa na maana ya washa, zima, punguza, nina kiu, nigeuzeni. Watu wakabahatisha. Wakawasha alipotaka pazimwe, wakazima alipotaka maji. Mwanamke aliyetawala madarasa akawa hana amri hata juu ya glopu moja iliyoning'inia mbele ya macho yake. Castory akimwona vile alijisikia aibu, kana kwamba ni yeye aliyemfunga.

Siku hizo milango ya nchi ilikuwa imefunguliwa, na Kariakoo ilifurika vitu vya Dubai ambavyo zamani tuliviona kwenye picha tu. Castory alikwenda Dar es Salaam kwa binti yake, Pendo, na wote wawili wakazunguka maduka ya umeme kutafuta swichi ya kupunguza mwanga, ile inayotii rimoti. Muuzaji mmoja akawaletea swichi nyembamba ya kioo, inang'aa kama sahani ya harusi.

"Mzee, hii ndiyo habari ya mjini," akasema.

Pendo aliipenda palepale. Castory aliigeuza akasoma mgongoni. Ilitengenezwa kwa nchi zenye umeme wa nusu ya wetu.

"Hii ikionja umeme wa Morogoro itakufa kabla sijashuka kwenye ngazi," alisema, akairudisha.

Aliyoichagua ilikuwa na sura mbaya, loo! Nene, nzito, rangi ya maziwa yaliyoharibika, na bamba la chuma usoni lenye kijicho cheusi cha kupokea mwale wa rimoti. Pendo akakunja pua. Castory akamweleza kwamba swichi ya namna hii inapopunguza mwanga hupata joto, na chuma kile ndicho kinacholitoa joto nje. Tena akahakikisha inakubali glopu ya kawaida, maana taa za bomba ukizipunguzia moto hupepesa na kunguruma, na mgonjwa hahitaji ngoma kichwani. Mwisho akaomba rimoti. Akaishika kwa mkono wa kushoto, akafumba macho, akabonyeza taratibu sana, kwa nguvu ya mtu asiye na nguvu. Rimoti mbili alizikataa kwa sababu vitufe vyake vilikuwa vigumu. Ya tatu ilikuwa na vitufe vikubwa vya mpira, laini. Pendo alipoona baba yake anavyobonyeza akageuka upande, akajifuta macho kwa kanga.

Nyumbani Castory hakuifunga swichi hivi hivi. Enzi zile za mgao, umeme ukirudi ulirudi na kishindo, ukachoma televisheni na friji za nusu ya mtaa. Kwa hiyo swichi ya Eufrazia ilipata fyuzi yake yenyewe, halafu nyuma ya fyuzi akaweka kile kifaa wanachofungia friji, kinachousubirisha umeme mpaka utulie ndipo kiuruhusu upite. Friji yenyewe haikuwa na ulinzi wa namna hiyo. Bernadeta alipouliza, akajibiwa, "Friji ikifa tutakula mboga za leo leo."

Jioni ya kwanza walisimama kando ya kitanda, rimoti ikiwa kiganjani mwa mgonjwa. Dole gumba lilitambaa juu ya mpira. Usingeweza kusema limebonyeza au limepumzika tu, lilivyokuwa likisogea kidogo. Kisha mwanga ukaanza kupungua, taratibu, mpaka ukawa wa rangi ya chai, ukasimama. Ukapanda tena. Ukashuka. Bernadeta akapiga kigelegele cha kuamsha mtaa. Upande wa kushoto wa mdomo wa Eufrazia ukainuka, na Castory akatoka nje akaenda kusimama nyuma ya tangi la maji, akalia kama mtoto.

Tangu hapo taa ilikuwa lugha yake. Akikerwa na mgeni, alimzimia taa. Akitaka asomewe gazeti, aliwasha yote. Watu wakaanza tena kubisha hodi mlangoni kwake na kusema "Shikamoo, Mwalimu" kwa heshima ileile ya zamani.

Sasa, lazima ujue habari ya Stefano. Kwa Waluguru, kabila la Eufrazia, mwanamke ni wa ukoo wa mama yake, tangu anapozaliwa mpaka anaporudishwa ardhini. Mume, hasa mume wa kuja kama Castory, Mpogoro wa Mahenge, ni kama mtu aliyeazimwa. Stefano alikuwa kaka mkubwa wa Eufrazia, tumbo moja, na ndiye mwenye kauli katika ukoo. Aliposhuka mara ya kwanza kumtazama mgonjwa, alikuja na nia moja tu, kumrudisha Kinole.

"Shemeji, mtu wetu ameharibika," alisema. "Tunamtaka nyumbani, akapumzike kwao."

Castory hakubishana. Alimkaribisha chumbani, akamwomba akae, akasema, "Mama Pendo, kaka yako yupo." Taa ikawaka yote. Kisha ikashuka nusu, kwa adabu. Stefano akavua kofia, akaiweka mapajani.

"Basi," alisema mwishowe. "Maadamu bado anajiamulia mwanga wake, mtu huyu yupo. Abaki kwake. Lakini tukubaliane, shemeji. Siku mkono huo utakaposhindwa, nakuja kumchukua, na wewe usinifungie mlango."

"Sitakufungia," Castory alijibu, na wakapeana mikono juu ya kitanda. Eufrazia alikuwa anawatazama.

Elewa basi jinsi Castory alivyoishi baada ya pale. Kila jioni roho mkononi mpaka taa itii. Alinunua betri akaziweka akiba kwenye kopo lisiloingia unyevu. Aliifuta swichi kila asubuhi kwa kitambaa kikavu, kama padre anavyofuta kikombe. Kiangazi kikaingia, magari ya mawe yakaanza kupita mtaani kwenda kujenga barabara, na vumbi jekundu likatanda mpaka kwenye chandarua. Castory akaona swichi ya mkewe inakula vumbi. Akashindwa kuvumilia.

"Bernadeta," alisema, "hebu nishonee nguo ya swichi."

Bernadeta akashona. Alitumia kipande cha mahameli nzito ya bluu, akakitia bitana, akadarizi maua meupe pembeni. Ilikuwa kazi nzuri, usipime. Stefano alitarajiwa Jumapili hiyo baada ya misa, kwa hiyo Castory aliingoja siku yenyewe. Asubuhi akaivisha swichi ile nguo mpya kwa mikono yake, akarudi nyuma, akatazama, akaridhika. Ukuta ulipendeza.

Stefano alifika na kapu la machungwa na mdalasini. Akaamkiwa, akala, akaingia chumbani. Mapazia yalikuwa yamefungwa kama kawaida, glopu imepunguzwa.

"Mama Pendo," Castory alisema kwa sauti ya majivuno kidogo, "kaka yako yupo."

Taa haikubadilika.

"Mama Pendo, tuwashie tumwone mgeni."

Dole gumba lilikuwa juu ya kitufe. Hakuna kitu. Castory akainama, akalisogeza vizuri. Hakuna kitu. Eufrazia akatoa ule mlio mzito ambao hawakuusikia kwa miezi. Castory akafungua lile kopo la akiba. Akabadilisha betri, akamrudishia rimoti. Hakuna kitu.

Hapo ndipo alipofanya kosa, na alilifanya kwa ufundi wake wote. Kiwandani walifundishwa kwamba fundi anapima mashine akiwa kwenye mashine, macho juu yake. Castory akachukua rimoti, akaenda mpaka ukutani, akasimama mbele ya swichi pua na mdomo, akabonyeza. Taa ikawaka. Akabonyeza tena, ikashuka. Kwa karibu namna ile, mwale wa rimoti ulipenya hata mahameli. Yeye aliona jambo moja tu, kwamba rimoti ni nzima na swichi ni nzima. Kama vifaa vyote ni vizima, kilichokufa ni nini?

Akageuka akamtazama mkewe, kisha akamtazama shemeji yake.

Stefano ndiye aliyesema, kwa upole. "Mkono umekwenda, shemeji. Nitakuja Jumamosi na gari."

Castory aliitikia kwa kichwa. Aliiweka rimoti mfukoni mwake, eti isianguke ikavunjika. Eufrazia alilia mlio ule mpaka jua likazama, nao wakampa maji, wakamgeuza, wakamfunika blanketi, wakamwambia, "Pole, pole, tulia." Kumbe mtu anaitisha chake!

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa kama ya matanga kabla ya msiba. Majirani waliingia wakaongea juu ya kichwa cha mgonjwa kana kwamba ni meza. Mmoja akasema afadhali, maana sasa hajui kitu. Castory alisikia na hakumkemea, kwa sababu yeye mwenyewe alishaanza kuamini. Aliogopa hata kumtazama machoni. Bernadeta ndiye aliyewasha na kuzima taa kwa kidole, akiinua pindo la ile nguo ya mahameli na kulishusha tena vizuri.

Jumamosi ilipofika, vitu vya Eufrazia vilikuwa vimefungwa kwenye kitenge. Wakati Bernadeta yuko jikoni, Castory aliketi kando ya kitanda kumuaga mkewe peke yake. Hakujua aanze wapi. Akaitoa rimoti mfukoni, akawa anaichezea kama mtu anavyochezea rozari, na bila kufikiri akabonyeza kitufe cha kuwasha.

Taa haikubadilika.

Akabonyeza kwa nguvu. Hakuna kitu. Akanyosha mkono kuelekea ukutani, akabonyeza mpaka kucha ikawa nyeupe. Hakuna kitu. Akatazama ukutani, akaona maua meupe ya Bernadeta.

Aliruka, nakwambia. Aliing'oa ile nguo, na bamba la chuma chini yake lilikuwa la moto kiasi cha kumfanya aondoe kidole haraka. Akarudi kitandani, akabonyeza, taa ikawaka yote. Mahameli ikamdondoka miguuni. Alielewa yote kwa mara moja: dole lile halikushindwa hata siku moja. Lilikuwa linabonyeza na kubonyeza, na yeye, fundi, mume, akasimama ukutani akalitangaza kuwa limekufa, akamnyang'anya mkewe kinywa chake akakitia mfukoni.

"Mama Pendo," alisema. Akapiga magoti. "Ni mimi. Nilikuziba mimi. Nisamehe, mama, nilikuziba mimi."

Akamwekea rimoti kiganjani. Nje gari likapiga honi.

Stefano aliingia na vijana wawili wa ukoo na machela ya kitanda. Castory akamzuia mlangoni, mikono imetandazwa, maneno yanatoka yamevurugika, nguo, vumbi, jicho la swichi, mwale.

"Shemeji, usijitafutie sababu," Stefano alisema. "Tulipeana mikono."

"Mtazame tu. Nakuomba mtazame."

Taa ikashuka. Ikashuka mpaka rangi ya chai, ikazima kabisa, na chumba chenye mapazia mazito kikawa giza mchana kweupe. Kisha ikapanda mpaka nusu, ikasimama. Mmoja wa wale vijana akafanya ishara ya msalaba. Castory alicheka kwa sauti, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni. Alikuwa amempata mkewe tena. Atabaki! Alishageuka kumwita Bernadeta afungue mzigo.

Stefano hakucheka. Alisogea akakaa kitandani, akaushika ule mguu uliokufa kupitia blanketi.

"Eufrazia, mdogo wangu," alisema. "Tumekusemea sana. Mimi nimekusemea, mumeo amekusemea, tukapeana mikono juu yako kama watu wanaouziana mbuzi, na hakuna aliyekuuliza. Nakuuliza mimi leo. Unataka kubaki hapa Mafiga, au unataka kwenda nyumbani Kinole? Kama unabaki, washa yote. Kama unakwenda, zima."

Castory alitabasamu, maana jibu alilijua. Nyumba hii waliijenga wote wawili, tofali kwa tofali. Hapa Pendo alizaliwa, hapa palikuwa na umeme, dawa, swichi. Kinole nyumba ya ukoo ilikuwa na koroboi, basi. Nani angechagua?

Taa ikazima.

Wote wakabaki gizani.

"Amekosea," Castory alisema. "Kidole kimeteleza. Huyu mtu amechoka, jamani, mmemchosha." Akapapasa mpaka akaushika mkono wa kushoto wa mkewe. Ulikuwa na joto. "Mama Pendo, tusikilizane. Ngoja nikuulize mimi, tena kinyume, ili kusiwe na kuteleza. Nikikuuliza mimi utanijibu mimi. Kama unakwenda, washa. Kama unabaki na mimi, usifanye chochote. Pumzika tu. Usisogeze hata kidole."

Akasubiri. Chini ya kiganja chake alihisi vidole vya mkewe vimetulia, na akaanza kumshukuru Mungu kimoyomoyo. Kisha dole gumba likasogea, kidogo mno, kiasi ambacho ni yeye tu aliyekuwa ameushika angejua.

Mwanga ulipanda kutoka gizani bila haraka, ukapita rangi ya chai, ukapita nusu, ukaendelea mpaka glopu ikawaka yote, ukali ule ambao daktari alikataza. Eufrazia hakufumba macho. Alikuwa anamtazama mumewe usoni, anamtazama kabisa, kama alivyomtazama siku zote alizokuwa na sauti.

Castory alimtazama naye. Alitaka kumuuliza kama ni kwa ajili ya siku zile rimoti ilipokaa mfukoni mwake, au ni kitu alichokitaka tangu zamani yeye akiwa amemfungia mapazia. Hakuuliza. Akaubusu ule mkono, akasimama.

"Tumekusikia, Mwalimu," alisema.

Kisha akawageukia watu wa ukoo waliosimama na machela, akakunja mikono ya shati.

"Shikeni upande wa miguu," akawaambia. "Kichwa nitashika mimi."